Kompyuta ya Mama Aikande

Siku niliyorudisha funguo za karakana, Neema, ambaye sasa ndiye anayekalia meza yangu, aliniuliza mbele ya wenzake: "Baba, miaka yote hiyo, ni mashine ipi ilikushinda?" Nikasema hakuna. Watu wakacheka, nikamalizia soda yangu, tukaagana. Sasa niko nyumbani Kilema, kahawa inaiva, mimi na ng'ombe wangu mmoja tunazoeana taratibu, na lile swali limenifuata mpaka huku. Nilidanganya kidogo. Ndiyo maana naandika. Mambo ya vyeo sitayagusa, maana mnajua karakana yetu ilikuwa na vyeo viwili tu: Dada Eliaichi, na sisi wengine.

Nilianza nikiwa fundi wa taipureta na redio. Ilikuwa miaka ile maduka ya Moshi yalipoanza tena kujaa vitu, na kila aliyekuwa na ndugu nje alikuwa anategemea kupokea boksi. Dada Eliaichi alikuwa na chumba kimoja nyuma ya soko kuu. Mtu wa Machame, mwimbaji wa kwaya, mwanamke wa maneno machache ambayo aliyarudia mpaka yakakuingia. Yeye ndiye wa kwanza niliyemwona akifungua kompyuta bila kuomba dua kwanza. Siku alipofungua ya kwanza mbele yangu, niliinama nikatazama ndani kwa muda mrefu, kisha nikamuuliza mota iko wapi. Hakucheka. Alinipa mswaki wa meno na kuniambia nianze na vumbi.

Nilisugua vumbi kwa mwezi mzima. Nawaambia ninyi mnaochukia kazi hiyo: vumbi linasema. Vumbi jekundu, mashine imetoka shuleni tambarare. Manyoya ya kuku, mwenyewe amesema iko ofisini lakini iko nyumbani. Mara moja nilikuta mjusi mkavu juu ya feni, amelala kwa raha zake kama yuko Krismasi. Nilianza kupenda ile kazi kwa sababu ya udadisi tu. Nilitaka kujua kila boksi lilikuwa limepitia nini kabla ya kufika kwetu.

Dada Eliaichi alikuwa na daftari kubwa, la jalada gumu, na kila mashine ilikuwa na ukurasa wake. Kabla ya kushika bisibisi ilikuwa lazima uandike majibu ya maswali matatu. Imeanza lini? Kabla haijaanza, kiliongezwa nini? Nani alikuwepo? Ukimaliza kazi, unaandika ulichobadilisha, hata kama ni waya tu. Maswali mawili ya kwanza niliyapenda sana. La tatu niliona ni la polisi, na mara nyingi niliandika "mwenyewe" nikaendelea na kazi.

Zamani mashine ilikuwa ikiharibika kweli: kitu kimeungua, kimevunjika, unakiona kwa macho. Mwishoni mwa miaka ya tisini likaja gonjwa jingine. Kila kitu kizima, umeme upo, halafu kioo kinakuwa cha buluu na maandishi meupe yasiyosomeka, au mashine inaganda tu, hata kipanya hakisogei. Mara nyingi mkosaji alikuwa draiva. Ninyi mmekuta draiva zinajishusha zenyewe toka mtandaoni, hamjui raha wala karaha zake. Sisi tulikuwa na maboksi ya disketi na sidii, tukitafuta ile moja inayofaa kadi moja ya picha, kile kibao kinacholisha kioo, ya mtumba iliyotoka Ulaya bila karatasi yoyote.

Wateja nilikuwa nawaeleza hivi. Draiva ni mkalimani kati ya kompyuta na kifaa chake. Sasa chukua mtu wa Machame umpeleke Rombo akakalimani. Salamu ataziweza, bei ya ndizi ataipata, na ninyi mtasema huyu anajua. Subirini mfike kwenye mpaka wa kihamba, lile shamba la ukoo, hapo ndipo mtakapojua kwamba Kichagga si kimoja. Draiva ya kadi inayofanana na yako iko hivyo. Inafanya kazi mpaka siku inapoulizwa neno gumu. Dada Eliaichi alisema kwa ufupi zaidi: "Inayofanana siyo yenyewe." Aliyasema hayo kila wiki, na mimi niliitikia kila wiki.

Kuna baba mmoja wa Kibosho alileta mashine ya kuchapia iliyogeuza kadi za harusi ya binti yake kuwa nyota, vishale na herufi zisizo na kabila. Alikuwa ameshagawa kadi kumi kabla hajatazama vizuri. "Watu wananiuliza binti anaolewa na Mrusi," alilalamika. Draiva ilikuwa ya toleo la nyuma. Tulibadilisha kwa nusu saa, yeye akatumia wiki nzima kuzungukia wale kumi.

Hizo zilikuwa kesi za kuchekesha. Sasa ya Mama Aikande.

Sekondari moja ya wasichana upande wa Marangu ilipewa kompyuta na marafiki wa ng'ambo. Moja tu, ikawekwa ofisini kwa karani. Mimi ndiye niliyepanda kwenda kuifunga. Ilikuwa mtumba, kadi yake ya picha sikuijua, na draiva yake haikuwemo kwenye maboksi yangu. Nilikuwa na ya kadi nyingine, namba zao zilitofautiana mwishoni tu. Nikaiweka. Kioo kikakubali, rangi zikang'aa. Mkuu wa shule alipofurahi, nami nikafurahi zaidi, nikamwekea na ile picha inayojileta yenyewe kompyuta ikikaa dakika kumi bila kuguswa. Mnaikumbuka, ile ya mabomba yanayoota na kujiunga mpaka yanajaza kioo. Wanafunzi walichungulia dirishani wakazipigia makofi zile rangi. Nilishuka mlimani nikijiona mtu.

Karani alikuwa Mama Aikande, amenizidi kama miaka kumi, mwanamke mnene kiasi, mpole, aliyefanya kazi pale tangu enzi za taipureta. Alikuwa amejifunza kompyuta mjini kwa miezi miwili, kila neno akiliandika kwenye kijitabu. Lakini tangu alipoanza kuitumia hii, ikawa inaganda. Mara mbili kwa siku, mara tatu. Karatasi za mtihani alizokuwa anachapa zikapotea, akarudia, zikapotea tena. Mkuu wa shule akapiga simu karakana.

Nilipanda siku yenye ukungu, nikiwa na kazi nyingine mbili zinanisubiri Himo. Mama Aikande alisimama, akatoka nyuma ya meza, akaninyooshea mkono.

"Karibu fundi, karibu sana. Za Kilema? Wazee hawajambo? Kaa kwanza, chai inakuja."

"Shikamoo mama. Wazima. Hapana, niko mbiombio," nikasema, na mkono wake niliushika macho yangu yakiwa tayari kwenye mashine.

Mashine alikuwa ndiyo kwanza ameiwasha. Kabla haijafunguka ikatoa lile onyo la kwamba haikuzimwa kwa utaratibu, na kwamba inakagua diski. Nikamuuliza, "Mama, unaizima kwa kitufe?"

"Inaganda, baba. Ikishaganda nitafanyaje? Nabonyeza."

"Inaganda ukiwa unafanya nini?"

"Hata sifanyi kitu. Ninakuta tu imeganda."

Nilisikia hilo jibu kwa masikio haya, na sikulisikia. Nilikaa pale saa nzima nikiichapia, nikaifungua na kuifunga, ikanitii kama mwanakwaya. Nilikuwa nimeshapata nilichotaka: onyo la diski, mama mtu mzima, na kitufe. Nikaandika ripoti kwa mkuu wa shule, mistari minne, na wa mwisho ulisema mashine ni nzima, tatizo ni mtumiaji. Kwenye daftari, penye swali la tatu, niliandika "karani".

Wiki iliyofuata walimpeleka Mama Aikande likizo ambayo haikuwa na tarehe ya kurudi. Nafasi yake akapewa Doris, binti aliyemaliza kozi ya uchapaji mjini. Na mashine, ndugu zangu, ikaacha kuganda. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu kimya. Mkuu wa shule alinipigia kunishukuru. Huko kijijini maneno yalishasambaa kwamba Mama Aikande ndiye aliyekuwa anaiua kompyuta ya wafadhili, wengine wakasema kwa makusudi, kwa sababu alipenda taipureta yake. Aliacha hata kukaa kwenye benchi lake la kawaida kanisani. Hayo yote niliyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba nilikuwa sahihi, na nilikuwa nimeridhika sana.

Nilirudi pale kufunga mashine ya kuchapia. Doris alinisalimia vizuri tu, "Shikamoo fundi," bila kuinuka na bila kuacha kuchapa, kisha akaniachia kiti akaenda kuchukua karatasi stoo. Nikiwa nimekaa hapo, akaingia mzee mmoja na fimbo, amemletea mjukuu wake sweta.

"Shimbonyi," akanisalimia kwa Kichagga. Nikainuka, nikamwamkia. Akanitazama. "Wewe si mtoto wa Kilema? Wa nani?"

Nilipomtajia baba yangu, ikawa basi tena. Mzee na baba yangu walipalilia kahawa pamoja ujanani. Akataka kujua baba alizikwa lini na nani alishika kihamba. Akauliza ng'ombe, migomba, yule shangazi aliyeolewa Mwika. Nikatoka naye hadi barazani, maana meku, mzee wa heshima, humwongeleshi ukiwa nyuma ya meza, nikamwonyesha bweni la mjukuu, akaanza upya habari za baba. Doris alirudi, akatuona, akaingia ndani.

"Fundi!" akaita. "Njoo uone! Haijawahi kunifanyia hivi!"

Mabomba yalikuwa yamesimama katikati ya kioo, nusu yamejiunga, nusu hayajafika. Kipanya kimekufa. Nikabonyeza vitufe vyote ninavyovijua, mwishowe kioo kikawa cha buluu. Nikabonyeza kile kitufe kikubwa, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine yoyote. Ilipowaka, onyo lilelile: haikuzimwa kwa utaratibu.

Na hili nalisema kwa aibu: kwanza nilihisi udadisi tu, ule wa siku ya mjusi. Nikamuuliza Doris, "Wageni wakija, unainuka?"

"Mimi? Nawasalimia hapahapa. Kazi ni nyingi, fundi, na wazee wa huku hawamalizi."

"Chai unanywea wapi?"

"Hapahapa."

"Ukienda stoo?"

"Naenda mbio, narudi. Leo tu ufunguo umenichelewesha."

Basi tukakaa wawili mbele ya kompyuta, mikono mapajani, tukitazama saa ya ukutani. Dakika ya kumi mabomba yakaja. Yakaota matatu, manne, kisha yakaganda. Tukawasha upya, tukarudia. Likawa lilelile. Mara ya tatu nikaiwasha kwa ile njia ya dharura inayotumia draiva za msingi, nikayaita mabomba kwa mkono: yakakataa kuja, lakini mashine haikuganda. Nikaing'oa draiva yangu, nikaiacha na ile ya kawaida isiyo na mbwembwe. Mabomba yakaja taratibu kama wazee wanaotoka ibadani, rangi mbaya, ila hayakuganda tena. Doris alikuwa amesahau kuchapa. "Kumbe!" alisema. "Kumbe yule mama hakuwa anafanya kitu."

Hakuwa anafanya kitu, alikuwa anasalimia watu. Kila mzazi aliyeingia aliinukiwa, akapewa mkono, akaulizwa nyumbani, akasindikizwa hadi barazani. Huo ndio ustaarabu aliolelewa nao, na kila ulipotimia, dakika kumi zilikuwa zimekwisha. Mashine ikaletewa mabomba yangu, draiva yangu ikaulizwa neno gumu, ikakosa la kujibu. Akirudi anakuta imeganda. Alikuwa ameniambia kwa maneno yaleyale.

Jioni ile nilifungua daftari mbele ya Dada Eliaichi. Ukurasa wa kufunga ulikuwa na mwandiko wangu: draiva inayofanana, picha ya mabomba. Kila kitu kilikuwa pale, siku ileile, kwa wino. Alisoma, akageuza ukurasa, akasoma na nakala ya ripoti.

"Karani ulimuuliza?"

"Nilimuuliza."

"Ulimsikiliza?"

Kesho yake tuliitafuta draiva yenyewe kwenye mtandao wa simu. Ilichukua mchana kutwa, maana kila ndugu yake Dada Eliaichi alipopiga simu, laini ya mtandao ilikatika na tukaanza upya. Ilipotimia Dada akainakili kwenye disketi, akanipa. "Hii imekuwa kazi ya mchana mmoja," akasema. "Na yule mama?" Niliposema nitaandika ripoti nyingine, akafunga daftari. "Nyie wa Kilema," akasema, "siku hizi hamna masale?"

Kwa wageni wa huku nieleze. Masale ni ile mimea ya majani marefu mnayoiona mipakani mwa vihamba. Mchagga akimkosea mwenzake kosa la kweli, hupeleka jani la sale. Na aliyeletewa hakatai, hata kama moyo bado unauma. Ni jambo zito. Mtu hapeleki sale kwa sababu amemkanyaga mwenzake mguu.

Nilikwenda kwanza shuleni. Nikaweka draiva yenyewe, nikakaa dakika zangu kumi, mabomba yakajiunga mpaka mwisho. Nikampa mkuu wa shule barua mpya, na ndani yake nilitaja jina langu kama mkosaji, bila "huenda" wala "inawezekana". Alisoma mara mbili. Alikuwa mtu wa haki, ila aliniuliza kwa ukali unaostahili, "Ile ya kwanza niliisoma mbele ya walimu wote. Unajua hilo?" Nikasema sasa najua. Akasema hii nayo ataisoma mbele ya walimu wote, na kiti ni cha Mama Aikande kama atakitaka. Doris atapelekwa maktaba. "Lakini kama atakitaka, hilo si langu kumuuliza," akasema. "Ni lako."

Sale nililikata kwenye mpaka wetu Kilema asubuhi, nikalifunga fundo kama nilivyomwona baba akifanya mara moja tu maishani. Nilikuwa naogopa. Nimewahi kushika waya wenye umeme, nimewahi kupoteza faili za watu wakubwa, lakini sijaogopa kama nilivyoogopa kwenye kile kinjia cha migomba cha kwenda kwa Mama Aikande. Alikuwa uani, anamenya ndizi za mtori. Aliniona, akaliona jani mkononi, akaweka kisu chini.

"Shikamoo mama," nikasema. "Nimekuja kukuomba msamaha. Mashine haikuharibiwa na wewe. Niliiharibu mimi, siku ya kwanza, kabla hujaigusa. Ukaniambia ukweli, mimi nikakuandika mkosaji."

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mgongo wa mkono uliokuwa na utomvu wa ndizi. "Miezi miwili," akasema. "Nilifika mahali nikajiuliza labda kweli ni mimi. Labda mikono yangu ina kitu."

Nikamweleza mabomba, draiva, na wageni. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea. "Kwa hiyo ilikuwa inaganda kwa sababu nilikuwa nainuka?"

"Ndiyo, mama."

"Na sasa nikiinuka?"

"Inuka utakavyo. Hata ukimsindikiza mtu mpaka kwake."

Akacheka kidogo, akanyoosha mkono, akalipokea lile jani. "Sale halikataliwi," akasema. "Aika, asante. Jumatatu waambie nitakuja." Nikageuka kuaga, maana nilidhani yamekwisha.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza. "Kaa. Siku ile hukunisalimia."

Akanivutia kigoda. Akaosha mikono, akaja akakaa mbele yangu, akanipa mkono, na safari hii nilimtazama usoni. Akauliza za Kilema. Akauliza wazee, nikamwambia baba hayupo tena, na hata siku ile niliposema "wazima" hakuwepo, akanipa pole, akataka kujua alilala na ugonjwa gani. Akauliza mke wangu, watoto kwa majina, kahawa, ng'ombe. Nami nikamuulizia Aikande, nikauliza mama yake mzazi, nikauliza goti lake nililoona analishika akiinuka. Hatukuruka kitu.

Ndani, mlango ukiwa wazi, kulikuwa na saa ya ukutani. Tulipomaliza niliitazama, kwa mazoea ya kazi. Tulikuwa tumetumia dakika kumi na nne. Siku ile ya kwanza, ofisini kwake, kumi zingetosha mabomba kuja na kuganda mbele yangu.